Mwambie Dada Yako

Daktari wa meno alikuwa na kichekesho kimoja alichoanzia kila somo. Alisimama mbele ya ubao katika ukumbi mdogo wa parokia, mikono mifukoni, akangoja viti vitulie, kisha akasema, "Mimi ndiye mtu pekee mjini ambaye watu humpanulia mdomo na hakuna anayesema neno."

Vijana walicheka kana kwamba hawajawahi kukisikia. Naye aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, halafu akageuka na kuandika ubaoni neno moja: KUSIKILIZA.

"Kiongozi asiyesikiliza nyumbani," alisema, "hata akipewa wizara ataongoza samani tu."

Kalamu zikakimbia. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, msichana mmoja hakuandika chochote. Alikuwa anatazama mkono wa Daktari unavyopangusa chaki kwenye leso, taratibu, kidole baada ya kidole.

Kwao alikuwa kitinda mimba, na jina la Kitinda lilimganda mpaka kazini, ambako alikuwa mtunzi wa michezo ya redio. Daktari alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee, na tangu apate kazi mjini alikuwa akiishi nao. Asubuhi ile walikuja pamoja kwa gari lake. Walipokuwa wanatoka mlangoni, Shemeji alisimama, akarekebisha saa yake, akasema, "Kitinda, mwambie dada yako leo nitachelewa kurudi."

Dada alikuwa amesimama hapo hapo, kikombe cha chai mkononi. Angenyoosha mkono angeligusa koti la mumewe.

"Dada, Shemeji anasema atachelewa."

"Nimesikia. Mwambie sawa."

"Anasema sawa, Shemeji."

Ndivyo maisha yalivyokuwa katika nyumba ile tangu kabla ya Kwaresima, na sasa Majilio yalikuwa yanabisha hodi. Chanzo chake, ukikisimulia, mtu atadhani unamtania. Walikuwa na wageni mezani. Daktari alikuwa anasimulia habari ya mgonjwa mmoja mkubwa wa serikali aliyezimia kwa kuiona sindano, akasema ilikuwa mwaka ule waliofunga ndoa. Dada, akimimina chai, akasema, "Hapana, ni mwaka uliofuata, tulikuwa tumeshahamia huku." Wageni wakacheka kidogo. Daktari naye akacheka. Akawasindikiza wageni mpaka getini, akawapungia mkono, akarudi ndani, na tangu hapo hakumwambia mkewe neno tena.

Haikuwa mara ya kwanza. "Zile za mwanzo zilikuwa za siku chache," Dada alimwambia mdogo wake wakati wanaanika nguo. "Siku hizi zinarefuka." Kisha akabana kibanio cha nguo katikati ya meno ili asiendelee kuulizwa.

Hakumpiga. Hakuwa na mwanamke nje. Alileta kila kitu nyumbani, alisali kabla ya kula, na Jumapili alimfungulia mkewe mlango wa gari mbele ya kanisa mbele ya macho ya watu wote. Dada alikuwa mfamasia. Dukani kwake alicheka na kila aliyeingia, akawaeleza wazee namna ya kumeza dawa huku akiwatania. Akifika nyumbani, sauti yake ilibaki kwenye kiatu alichovua mlangoni.

"Nimwambie nani?" aliuliza siku moja. "Niseme nini? Kwamba mume wangu ni mpole kupita kiasi?"

Alichofanya Kitinda ni kubeba maneno. Mwambie dada yako shati la bluu halijapigwa pasi. Mwambie shemeji yako fundi wa bomba amekuja. Alikuwa mwepesi na mwaminifu kama simu, na mwenyewe alidhani anawasaidia.

*

Kundi lile la parokia watu waliliita Darasa la Jumamosi. Lilianzishwa na Mama Jaji, jaji mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee bila kujijua. Alipostaafu, aliangalia vijana wa parokia, waliosoma wakapata kazi nzuri, akaona kwamba kanisa linawatumia kupanga viti na kupitisha vikapu vya sadaka, kisha Jumatatu wanakwenda ofisini kama watu wasiojua Mungu anaishi wapi. Akawakusanya: mawakili, wauguzi, wahasibu, walimu, mhandisi wa barabara, na Kitinda wa redio. Kwa miaka miwili wakasoma Maandiko na mafundisho ya Kanisa, wakabishana, wakafanya mafungo, wakatembeleana kazini. Mwisho wa yote kila mmoja alitakiwa kuleta kazi ya mikono yake mwenyewe, kazi ya taaluma yake, ambayo imani imeingia ndani kama chumvi. Kisha Askofu angekuja kuwatuma.

Daktari alikuwa mwalimu wao mpendwa kuliko wote. Ilikuwa haijatangazwa, lakini kila mtu alijua kwamba Mama Jaji anataka kumkabidhi darasa litakalofuata.

"Wewe Kitinda," Mama Jaji alimwambia, "utatupa mchezo. Nusu saa. Mbele ya Askofu na waumini wote. Lakini usituletee mahubiri yaliyovaa nguo za watu."

Kitinda akaandika kuhusu wakili kijana anayekataa rushwa. Aliyaandika yote vizuri, sala mwanzo na ushindi mwisho. Akampa mkuu wake wa vipindi asome. Yule mkuu alikuwa mtu wa kahawa na kukohoa, hakuwa mtu wa kanisa lolote. Alisoma kurasa nne akamrudishia.

"Huyu wakili wako ana dini nyingi," alisema, "ila hana mate mdomoni. Mtu gani huyu hata hajikwai? Nani alikuambia uandike hivi?"

"Ni kwa ajili ya Askofu."

"Basi Askofu ataona usingizi."

Jioni ile, studio namba mbili ikiwa tupu, Kitinda alikaa mbele ya meza ya vitufe akaanza upya. Kwenye redio, kimya hewani ni kosa. Fundi anaweza kuitwa kujieleza kwa kimya cha kupumua mara tatu. Yeye akataka kuandika kimya chenyewe. Mwanamume anayeongea na mlinzi, na majirani, na simu, hata na paka, lakini haongei na mkewe. Akaandika kijiko kinagonga sahani. Akaandika bomba linadondoka. Akaandika kiti kinavutwa, na mwanamke anayejiuliza maswali na kujijibu kwa sauti mbili. Badala ya mdogo wa mke akaweka mfanyakazi wa nyumbani, naye ndiye mbeba maneno. Mkono haukumchoka. Alipomaliza, alichosikia ndani yake akadhani ni furaha.

Mama Jaji alisoma mchezo ule sebuleni kwake, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alipofika mwisho alirudi nyuma akasoma tena ukurasa mmoja.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nimetunga, Mama."

Yule mzee akamtazama, bila shaka kama alivyokuwa akiwatazama mashahidi. "Haya," alisema. "Ni kazi kubwa. Tutaifanya."

*

Siku ya mazoezi ya kwanza, Wakili, kijana mrefu aliyependa suti hata Jumamosi, alinyoosha mkono kabla hata karatasi hazijagawanywa zote.

"Naomba kuelewa. Miaka miwili tunafundwa, halafu mbele ya Askofu tunamwonyesha Mkatoliki anayekwenda misa kila Jumapili, na nyumbani ni jiwe? Walio nje watatucheka."

"Kwani hujawahi kukutana naye?" aliuliza Padre mlezi wa kundi. Watu wakaangua kicheko.

Mhandisi wa barabara, aliyepangwa kuwa mume, alikuwa amepelekwa nje ya mji kikazi. Mama Jaji akaangaza macho ukumbini. "Daktari, tusaidie. Wewe una sauti. Soma tu, siku ya leo."

Kitinda alitaka kusema kitu, na nafasi ikapita.

Daktari alikuja mbele akitabasamu. Alisoma kwa raha, akapiga soga na mlinzi, akaongea na simu, watu wakavunjika mbavu. Ukurasa wa tatu, mume alitakiwa kumgeukia mfanyakazi. "Mwambie mama wa humu ndani," Daktari alisoma, "maji ya kuoga yamepoa." Akanyamaza. Macho yake yakapanda juu ya ukurasa, yakashuka tena. Watu wakadhani anaigiza, maana kimya kile kilikaa mahali pake kabisa. Halafu akaendelea, hakukosea neno hata moja mpaka mwisho, na muuguzi aliyekuwa mke alilia machozi ya kweli.

Wakapiga makofi. Daktari akaweka karatasi kitini, akazilinganisha kingo, akaanza kutafuta funguo za gari.

Njiani hakukuwa na utani. Alipofika getini, kabla ya kupiga honi, alisema akitazama mbele, "Kitinda, mwambie dada yako nyumba yangu si studio."

Na Kitinda, kwa mazoea tu, akaingia jikoni akamwambia.

"Studio?" Dada alikuwa anakata vitunguu. "Studio gani?"

Ikabidi aeleze. Alianza na Askofu, akapitia kwa mkuu wa vipindi, akazungukazunguka, mpaka akafika kwa mwanamume asiyeongea na mkewe. Dada hakumkatiza. Aliendelea kukata vitunguu vikawa vidogo visivyohitajika na mtu.

"Wangapi wamesikia?"

"Ni kundi tu, Dada. Hakuna anayejua. Nimebadilisha kila kitu."

"Umebadilisha nini? Bomba linalodondoka umelitoa?"

Kitinda akatazama bomba juu ya sinki.

"Ni bomba letu hili." Dada akaweka kisu chini. "Nilikuambia mambo haya tukianika nguo. Sikukuambia ukaniandike."

"Nilitaka watu waone. Kuna wanawake wangapi wanaokaa hivi? Nilidhani—"

"Ulidhani. Mdogo wangu, mwaka mzima umekaa meza moja nami. Mwaka mzima anakuambia mwambie dada yako, nawe unaniambia. Hata siku moja hukumjibu, Shemeji, mwambie mwenyewe. Siku moja tu! Ndani ya nyumba ulikuwa bubu kama yeye. Ukaenda kunitetea ukumbini, kwa watu, upigiwe makofi."

Hakupaza sauti. Alikusanya vile vitunguu kwa kiganja akavimwaga kwenye sufuria, akampa mdogo wake mgongo.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Walirudi kutoka kanisani wakakaa mezani watatu, sala ikasaliwa, sahani zikapita. Daktari alikula kidogo. Kisha, kwa sauti ile ile ya siku zote, kana kwamba jana haikuwapo, akasema, "Kitinda, mwambie dada yako aniongezee maji."

Jagi la maji lilikuwa mbele ya Dada. Kitinda akaona mkono wa Dada umeshaanza kuliendea kabla ya kutumwa.

"Mwambie mwenyewe, Shemeji," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, si sauti aliyoitarajia. "Amekaa hapo."

Mkono wa Dada ukasimama hewani. Nje mtu alikuwa anaosha gari na maji yalisikika yakipiga chuma. Daktari alimtazama Kitinda muda mrefu, bila hasira, kama anayetafuta tundu kwenye jino. Akakunja kitambaa cha mkono, akasukuma kiti, akaondoka mezani.

Kabla jua halijazama Dada aliingia chumbani kwa mdogo wake. Alikaa pembeni ya kitanda. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo Kitinda hakuielewa.

"Amesema nami," alisema.

"Kweli? Amesemaje?"

"Aliniita jina langu. Alinitazama usoni, Kitinda. Akasema, mwambie mdogo wako atafute pa kukaa."

Kitinda akatazama sanduku lake chini ya kitanda.

"Na unajua kibaya ni nini?" Dada akajifunika midomo kwa vidole. "Nilifurahi. Mungu anisamehe. Kabla sijaelewa anachosema, nilifurahi kwa sababu anasema."

Ndipo akalia. Kitinda alimshika, akamwona jinsi alivyokonda chini ya gauni la kanisani.

*

Alihamia chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, chumba chenye harufu ya gundi na dirisha moja lililokataa kufunga. Siku ya tatu akaenda kwa Mama Jaji, akamwambia kwamba anauondoa mchezo.

"Kwa nini?"

"Si wangu."

"Uliniambia umetunga."

"Nilidanganya, Mama. Nilichukua kwa mtu, na sikumwomba."

Mama Jaji akavua miwani. Hakuuliza ni nani. Alikaa akisugua pale miwani ilipombana puani, na kwa mara ya kwanza Kitinda akamwona amezeeka.

"Nilimpa Daktari asome," alisema polepole, "nikaona uso wake. Nikajiambia, achana nalo, ni macho yako ya mahakamani. Nilimpenda mno yule kijana. Anavyosema!" Akatikisa kichwa. "Na huyo mtu uliyemchukulia, anataka nini?"

Kitinda alijua Dada anaumwa nini, analala saa ngapi, anaficha nini. Alikuwa hajamuuliza anataka nini.

Akaenda kuuliza. Alisubiri dukani mpaka mteja wa mwisho akatoka na chupa yake ya dawa ya kikohozi. Dada alikuwa juu ya ngazi ndogo anapanga maboksi. Hakuteremka.

"Nataka mambo mawili," alijibu, na ilionekana alikuwa ameyafikiria. "La kwanza, usinisemee tena, hata kwa nia njema. La pili, mlete huyo Mama Jaji wako nyumbani. Mwambie mwaliko ni wangu. Nawe uwepo. Ukae tu."

*

Mama Jaji alikuja Jumapili iliyofuata baada ya chakula cha mchana. Daktari alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamchagulia kiti kisichopigwa na jua, akaanza habari za mafungo yajayo. Alimwona Kitinda akamwamkia kwa heshima kama mgeni. Dada alileta chai. Lakini alipokwisha kuimimina hakurudi jikoni. Alikaa.

"Mama Jaji," alisema, "aliyekuita hapa ni mimi. Mume wangu hazungumzi nami. Tangu kabla ya Kwaresima. Sijui nimrudie vipi maana kila mlango nimebisha. Sikuiti umhukumu. Nimechoka tu kuwa peke yangu ninayejua."

Vikombe viligonga visosi. Daktari akacheka, kicheko chake kile kizuri kinachoalika watu.

"Mama, unajua mambo ya ndani ya ndoa, kuna wakati—"

Mama Jaji hakucheka. Ndipo Daktari akaegemea mbele akaanza kueleza. Alieleza vizuri. Alisema juu ya uchovu wa kliniki, juu ya heshima ambayo mwanamume anaihitaji mbele ya wageni wake, juu ya kimya kama njia ya kuepusha maneno makali. Akataja hata watawa wanaonyamaza kwa ajili ya Mungu. Kila sentensi ilikuwa imepigwa pasi. Mama Jaji alimwacha amalize.

"Daktari," alisema, "mawakili wengi wamesimama mbele yangu, na wachache wanakufikia kwa kusema. Lakini majibu yote haya umenipa mimi. Aliyesema amekaa kulia kwako."

Daktari akamgeukia mkewe.

Kitinda alikuwa amejiandaa kuona kiburi. Alichokiona kilimtisha zaidi. Shemeji yake alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Jasho likamtoka juu ya midomo. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, sasa anaambiwa asimame juu yake. Dada alimtazama na kungoja; mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani.

"Kwetu," Daktari alisema hatimaye, akiwa anatazama zulia, "baba..." Akaishia hapo. Akainuka, akagonga meza kwa goti, chai ikamwagika. Wakasikia geti, kisha gari.

Hakuna aliyelia. Dada alileta kitambaa akapangusa meza, akakikamua kwenye sinki, akarudi.

"Mama, chai yako imepoa," alisema. "Nikuongezee?"

*

Mama Jaji alikwenda mwenyewe kliniki kumwambia Daktari kwamba hatamkabidhi darasa. Walichozungumza hakijulikani. Kwa watu wengine Daktari alisema kazi zimemzidi, nao wakamsikitikia. Ghadhabu yao ikamwangukia Kitinda.

"Miaka miwili!" Wakili alimwambia nje ya ukumbi. "Kila mtu ameleta kitu. Wewe ulikuwa na mchezo ambao watu walikuwa wanausubiri kwa hamu, ukauondoa bila hata kutueleza. Hiyo ni nidhamu gani?"

"Una haki ya kukasirika," Kitinda alijibu.

"Nipe basi sababu."

"Sababu si yangu kutoa."

Wakili alimtazama kana kwamba amemtukana, akaondoka. Kwa kweli angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa tayari ulimini, yamepangika, yenye nguvu, yangemfanya Wakili aone haya mpaka kesho. Alitembea nayo mpaka kwenye chumba chake cha harufu ya gundi, hakumpa mtu.

Siku ya kutumwa kanisa lilijaa. Mmoja baada ya mwingine walipita mbele ya Askofu. Wauguzi walikuwa wameanzisha zamu ya kukaa na wagonjwa wasio na ndugu. Wakili na wenzake walikuwa wamefungua meza ya ushauri wa sheria kwa wajane. Mhandisi alisimulia jinsi alivyokataa kutia sahihi kwenye daraja bovu na akahamishwa. Ilipofika zamu ya Kitinda, Mama Jaji alisoma jina lake kamili, lile la ubatizo ambalo wengi hawakulijua, na hakuongeza kitu. Kitinda akapita mikono mitupu. Kulikuwa na minong'ono. Askofu, ambaye hakujua chochote, alimwekea mikono kichwani kama alivyowawekea wengine.

Kwenye benchi la nne Dada na mumewe walikaa pamoja, na katikati yao palikuwa na nafasi ambayo mtu mwembamba angeweza kukaa.

*

Miezi ikapita kabla Dada hajaja kukiona kile chumba. Alikuja na mapazia, akapanda juu ya kiti kuyatundika yeye mwenyewe, akalaumu dirisha, akamlaumu seremala, akamlaumu mdogo wake kwa kukonda. Walipokwisha kukaa chini na vikombe vya chai, Kitinda aliuliza, kwa uangalifu, habari za nyumbani.

"Kila Jumatano anakwenda kwa Padre," Dada alisema. "Kwa Padre anasema. Analia pia, nimeambiwa. Kwangu anaanza. Juzi alisimama mlango wa jikoni akaniuliza, umekula? Nikasema, bado. Akasema, haya, tule."

"Halafu?"

"Halafu tukala."

"Mliongea nini?"

"Tulikula, Kitinda." Akazungusha kikombe mkononi. "Jana tena kimya. Sijui leo nitakuta nini."

Kifuani mwa Kitinda maneno yaliinuka: hama, njoo tukae wote hapa, wewe si wa kungoja makombo ya mtu. Aliyaona yote. Aliminya kikombe chake na kungoja.

"Nimempa mpaka Pasaka," Dada alisema baadaye. "Nimemwambia mwenyewe, uso kwa uso. Kama itakuwa hivi hivi nitakwenda kwa mama, na Padre nimeshamwambia, hakunizuia. Naogopa, lakini nimesema." Akanywa chai. "Na ule mchezo wako, uliutupa?"

"Uko chini ya godoro."

"Nipe."

"Dada—"

"Nipe, nikausome. Kuna mahali umekosea, nina hakika. Yule mwanamke wako, nilivyosikia, anajijibu tu mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Mimi sikuwa najijibu. Nilikuwa nasali, na mara nyingine nilikuwa namtukana kimoyomoyo mpaka naishiwa matusi."

Kitinda akainua godoro. Karatasi zilikuwa zimejikunja na kushika vumbi la mbao. Dada akazipangusa kwa kanga ya begani, akazikunja mara moja, akazitia kwenye mkoba chini ya pochi na boksi la dawa za kichwa. Akavaa viatu. Alikataa kusindikizwa, alisema anataka kufika nyumbani kabla ya mumewe, ili mume akiingia amkute amekaa sebuleni anasoma, si jikoni.